Johann Sebastian Bach, Mtumishi wa Kinanda na Kwaya (1685–1750)

Wamisionari wa Misioni ya Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 na kuanza kazi ya Injili chini ya Mlima Kilimanjaro, walileta pia nyimbo za Kanisa lao. Misioni hiyo ilikuwa na makao yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani, tangu mwaka 1848. Katika mji huohuo, karibu miaka mia moja kabla yake, alifariki mwalimu wa muziki ambaye kwa miaka 27 alizitumikia nyimbo hizo kila Jumapili na kila sikukuu. Huyo ndiye Johann Sebastian Bach. Walimu wa kwaya hulitaja jina lake kwa heshima, na vikundi vya tarumbeta hupuliza tungo zake, lakini habari za maisha yake hazijulikani sana katika sharika zetu. Wengi humdhania kuwa alikuwa mtu mkubwa aliyeheshimiwa na wote tangu mwanzo. Mambo hayakuwa hivyo. Alikuwa mwajiriwa wa kawaida wa kanisa na wa watawala, akihama kutoka kundi moja la wanamuziki hadi jingine, akigombana na mabaraza kuhusu mshahara na ruhusa, na kuzika watoto wengi.

Alizaliwa katika mji wa Eisenach tarehe 21 Machi 1685, kwa kalenda iliyotumika huko wakati ule, na siku mbili baadaye akabatizwa katika Kanisa la Mtakatifu George. Mji huo una sifa kwa Walutheri wote. Martin Luther alisoma shule hapo akiwa kijana, na katika ngome ya Wartburg iliyo juu ya mji alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, miaka ya 1521 na 1522. Shule ya Kilatini aliyosoma Luther ndiyo aliyosoma Sebastian pia. Baba yake, Johann Ambrosius Bach, alikuwa kiongozi wa wanamuziki wa mji, na Sebastian alikuwa wa mwisho kati ya watoto wanane. Ukoo wote wa Bach ulikuwa wa wapigaji na waimbaji, kama vile koo nyingine zilivyo za wahunzi. Inasimuliwa kwamba ukoo ulipokutana mara moja kwa mwaka, ulianza kwa kuimba wimbo wa kanisa, kisha ndipo ukafuata utani na vicheko.

Furaha hiyo haikudumu kwake. Mama yake, Maria Elisabeth, alifariki mwezi Mei 1694, na baba yake akafuata mwezi Februari 1695. Sebastian alikuwa hajatimiza miaka kumi. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda katika mji mdogo wa Ohrdruf, akamchukua na kumlea. Huko ndiko alikojifunza kinanda kwa utaratibu. Wanawe walisimulia baadaye kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha tungo za walimu mashuhuri, akakifungia kabatini asikiguse mtoto. Usiku Sebastian alikitoa kwa kupitisha mkono kati ya nondo za mlango wa kabati, akakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa kuwa hakuruhusiwa hata mshumaa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Kaka alipogundua, alimnyang'anya nakala yote. Haifai kumhukumu kaka huyo kwa haraka, kwa maana ndiye aliyempa yatima makazi, chakula na taaluma, na Sebastian mwenyewe hakuacha kumheshimu.

Alipofikisha miaka 15, nyumba ya kaka ilikuwa imejaa watoto. Mwaka 1700 yeye na rafiki yake Georg Erdmann walisafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda Lüneburg, upande wa kaskazini, ambako shule ya Mtakatifu Mikaeli iliwapa watoto wa maskini wenye sauti nzuri nafasi ya kusoma bure kwa kuimba katika kwaya. Sauti yake ya kitoto ilivunjika muda si mrefu, lakini alikuwa na mikono ya kupiga ala, akabaki. Kutoka huko alisafiri hadi Hamburg kumsikiliza mpiga kinanda mzee Reinken.

Mwaka 1703 alipata kazi ya muda mfupi kwa mtawala wa Weimar, na mwezi Agosti mwaka uleule akaajiriwa kuwa mpiga kinanda wa Kanisa Jipya la Arnstadt. Alikuwa na miaka 18. Hapa ndipo tunapomwona kwa mara ya kwanza mbele ya baraza la kanisa, na kumbukumbu za vikao hivyo zimetunzwa hadi leo. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha wazee kinachojadili habari za kwaya atayatambua mambo haya.

Kwanza palikuwa na ugomvi na wanafunzi waliopaswa kuimba na kupiga chini yake. Wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye kwa umri. Alimkebehi mmoja wao kwa upigaji wake wa zumari kubwa, na usiku mmoja wa Agosti 1705 kijana huyo akamvamia kwa fimbo penye uwanja wa soko. Bach akachomoa upanga. Wenzao waliwatenganisha. Baraza lilimkumbusha mpiga kinanda kwamba mtu hana budi kuishi na wanadamu wenye mapungufu, na kwamba hakupaswa kumdhihaki mwenzake. Baraza lilisema kweli, ingawa haielekei kwamba somo hilo lilimwingia.

Miezi miwili baadaye aliomba likizo ya majuma manne ili aende Lübeck kumsikiliza Dietrich Buxtehude, mpiga kinanda aliyesifiwa kuliko wote katika kaskazini. Kutoka Arnstadt hadi Lübeck ni karibu kilomita 400, naye inasemekana alikwenda kwa miguu. Majuma manne yakawa karibu miezi minne. Aliporudi mapema mwaka 1706, baraza lilimwita kujieleza. Alijibu kwamba alikwenda kujifunza mambo ya taaluma yake, na kwamba alimwacha mtu wa kushika nafasi yake. Ndipo yakatajwa mengine. Katika kuongoza nyimbo za ibada alikuwa amechanganya ndani ya tuni sauti ngeni nyingi kiasi cha kuuvuruga usharika. Zamani alipiga utangulizi mrefu mno, na alipoonywa na mkuu wake aliufanya mfupi kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka uleule akaulizwa tena ni kwa ruhusa ya nani msichana mgeni alikaribishwa kuimba juu kwenye ghorofa ya kinanda. Siku hizo wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya ya kanisa. Leo, kama akina mama na wasichana wangetolewa katika kwaya zetu, sharika nyingi zingekaa kimya.

Wako wanaodhani msichana huyo alikuwa Maria Barbara Bach, binti wa ukoo wake wa mbali, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 17 Oktoba 1707 katika kanisa la kijiji cha Dornheim. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Mühlhausen, katika Kanisa la Mtakatifu Blasius. Huko hakukaa hata mwaka mmoja kamili baada ya harusi. Alipoomba kuondoka mwaka 1708, aliliandikia baraza la mji kwa adabu kwamba shabaha yake ya mwisho ilikuwa kuwa na muziki wa kanisa uliopangwa vizuri kwa utukufu wa Mungu, na kwamba mahali pale hakuona njia ya kuifikia. Shabaha hiyo ilimfuata maisha yake yote, na ndiyo iliyomletea taabu nyingi.

Akarudi Weimar, mara hii kama mpiga kinanda wa mtawala Wilhelm Ernst na mmoja wa bendi yake ya ala. Alikaa miaka tisa. Sehemu kubwa ya tungo zake za kinanda cha mabomba zilitoka wakati huo. Alianza kitabu kidogo cha tuni za mwaka wote wa Kanisa, tangu Majilio na kuendelea, akikusudia nyimbo 164; alimaliza chini ya hamsini, na kurasa nyingi zilibaki tupu. Alijifunza pia kwa kunakili tungo za Waitalia, hasa Antonio Vivaldi, akizihamisha kutoka bendi ya fidla hadi kwenye kinanda kimoja. Mwaka 1714 alipandishwa cheo na kupewa wajibu wa kutunga kantata moja kila mwezi. Kantata, kwa wasioifahamu, ni utungo mrefu wa kwaya, waimbaji wa peke yao na ala, unaofuata Injili ya Jumapili husika. Lakini kiongozi mkuu wa muziki alipofariki mwishoni mwa 1716, nafasi yake alipewa mwanawe, si Bach. Uchungu ukamwingia. Akakubali kazi kwa mtawala mwingine, na alipodai ruhusa ya kuondoka kwa ukaidi, Wilhelm Ernst alimtia kizuizini tangu tarehe 6 Novemba hadi tarehe 2 Desemba 1717, kisha akamfukuza. Kwa hiyo mtunzi mkuu wa Kanisa la Kilutheri aliwahi kufungwa karibu mwezi mzima kwa kosa la kutaka kuacha kazi.

Mtawala kijana Leopold wa Köthen alimpokea vema. Leopold alipiga fidla na kinanda mwenyewe, akaipenda bendi yake na kumlipa Bach thaler 400 kwa mwaka. Lakini nyumba ya mtawala ilikuwa ya madhehebu ya Kikalvini, ambako ibada haikuhitaji kinanda wala kwaya kubwa. Familia ya Bach iliabudu katika kanisa la Kilutheri la mji huo. Basi katika miaka hii Bach aliandika zaidi muziki usio na maneno: matamasha sita ya bendi aliyomtumia mtawala wa Brandenburg mwaka 1721, mafunzo ya kinanda kwa mwanawe mkubwa, na tungo za ajabu za fidla moja peke yake na za selo moja peke yake. Ajabu yake ni kwamba ala ambayo kwa kawaida hutoa sauti moja hupewa kazi ya sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Msikilizaji hujikuta akisikia hata zile noti ambazo hazikupigwa.

Nakala safi ya tungo za fidla ina mwaka 1720. Mwaka huo Bach alifuatana na Leopold hadi chemchemi za maji ya tiba za Carlsbad. Alimwacha mkewe akiwa mzima wa afya. Aliporudi mwezi Julai na kuingia nyumbani kwake, aliambiwa kwamba Maria Barbara alikwisha kufa na kuzikwa. Walikuwa wamezaa watoto saba. Wanne walikuwa hai, mkubwa akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Hakuna barua wala neno lake lililobaki kuhusu siku hiyo.

Mwezi Novemba mwaka huohuo alikwenda Hamburg kuona kama angeweza kupata kazi katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo. Alipiga kinanda kwa zaidi ya saa mbili mbele ya mzee Reinken na wakuu wa mji, na mzee alimsifu sana. Kazi hiyo alipewa mtu mwingine, ambaye alilipa mfuko wa kanisa mark 4,000. Mchungaji Erdmann Neumeister wa kanisa hilo alikasirika. Inasimuliwa kwamba katika mahubiri yake ya Krismasi alisema hata mmoja wa malaika wa Bethlehemu angeshuka na kupiga kinanda kimbingu, kama hana fedha hana budi kurukia kwao. Mahubiri ya namna hiyo hayapaswi kusahaulika.

Tarehe 3 Desemba 1721 Bach alimwoa Anna Magdalena Wilcke, mwimbaji wa nyumba ya mtawala, mwenye miaka 20. Bibi huyu alilea watoto wanne wa mwenzake, akazaa kumi na watatu wa kwake, na pamoja na hayo alinakili kwa mkono kurasa nyingi za muziki wa mumewe. Mwandiko wake ulikuja kufanana na wa mumewe hata wataalamu wakachanganyikiwa. Kati ya watoto ishirini wa Bach, kumi tu walifikia utu uzima.

Mwaka 1723 akawa Kantor wa Leipzig, yaani mwalimu wa muziki wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki katika makanisa makuu ya mji. Baraza la mji halikumtaka yeye kwanza. Lilimwita Georg Philipp Telemann, ambaye alikataa. Likamwita Christoph Graupner, ambaye bwana wake hakumwachilia. Mjumbe mmoja alisema kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi kuchukua wa kadiri. Mkataba ulimtaka asifanye muziki wa ibada kuwa mrefu mno wala wa namna ya michezo ya jukwaani, na asitoke nje ya mji pasipo ruhusa ya meya.

Jumapili ya kwanza baada ya Utatu, tarehe 30 Mei 1723, alianza kazi, na kilichofuata kinashangaza hata wale wanaokisoma kwa mara ya kumi. Kila juma alihitaji kantata. Badala ya kutumia za wengine, kwa miaka ya mwanzo aliandika mwenyewe, karibu moja kwa kila juma. Alitunga mwanzoni mwa juma; mkewe, wanawe na wanafunzi wakanakili karatasi za kila sauti na kila ala; Jumamosi wakafanya mazoezi, na Jumapili saa moja asubuhi ibada ikaanza, iliyochukua karibu saa nne. Mahubiri peke yake yalikuwa ya saa nzima. Kantata takriban 200 za Bach zimesalia, na inaaminika nyingi zilipotea. Mwalimu wa kwaya anayelalamika kwamba wimbo mmoja mpya wa Pasaka unahitaji miezi mitatu ana haki ya kulalamika, kwa maana kipimo hiki si cha watu wote.

Katika mwaka wake wa pili, 1724–1725, alichukua nyimbo za kitabu cha nyimbo, moja moja, na kujenga kantata juu ya kila mmoja. Yafaa kueleza hapa kwamba tuni hizo hakuzibuni yeye. Nyingi zilikuwa za Luther na za vizazi vilivyofuata, na mapambo aliyozipa ndiyo yaliyo yake. Mwanawe Carl Philipp Emanuel alichapisha baadaye tuni karibu 370 zenye mpango wa sauti nne wa baba yake, na hadi leo wanafunzi wa muziki hujifunzia humo. Mfano mmoja ni tuni ya wimbo wa Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba. Hans Leo Hassler aliitunga mwaka 1601 kwa wimbo wa mapenzi. Kanisa likaichukua, na Bach akaiweka mara tano katika Mateso ya Bwana kwa Mathayo, kila mara kwa mpango tofauti, hata ile ya mwisho, baada ya Yesu kukata roho, inasikika kama usharika unaosali kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mateso kwa Yohana yaliimbwa Ijumaa Kuu ya 1724, na Mateso kwa Mathayo, yenye kwaya mbili zinazojibizana, yaliimbwa Ijumaa Kuu ya 1727. Katika nakala safi aliyoiandika mwaka 1736 maneno ya Injili yaliandikwa kwa wino mwekundu. Hata hivyo, kumbukumbu za baraza hazina neno la shukrani. Mwaka 1730 wajumbe walimlaumu kwamba hafundishi inavyopasa na hataki kujieleza, wakaamua kumbana katika mapato. Naye aliwaandikia waraka wa wazi kuhusu hali ya kwaya: kati ya wanafunzi 54, waliofaa walikuwa 17, waliohitaji mafunzo zaidi 20, na wasiofaa kabisa 17. Aliomba waimbaji na wapigaji wa kutosha, na walipwe. Hapakuwa na jibu la maana. Mwezi Oktoba alimwandikia rafiki yake wa ujana, Erdmann, akitafuta kazi mahali pengine. Katika barua hiyo alieleza kwamba mapato yake yalitegemea sana ada za mazishi, na kwamba mwaka uliotangulia hewa ya Leipzig ilikuwa nzuri mno, watu hawakufa, akapoteza zaidi ya thaler mia moja. Hakuwa na nia ya mzaha.

Ni lazima kusema pia kwamba hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi. Mwaka 1736 aligombana na mkuu wa shule, Ernesti, juu ya nani ana haki ya kuteua kiranja wa kwaya. Bach alimtoa kiranja kwa nguvu katikati ya ibada, mkuu akatishia kuwaadhibu watoto watakaomtii Bach, na watoto wakabaki hawajui wamwimbie nani. Wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walikosa, kwa maana waliotetemeka walikuwa watoto.

Faraja yake aliipata nje ya kanisa. Tangu mwaka 1729 aliongoza bendi ya wanafunzi wa chuo kikuu iliyoanzishwa na Telemann, iliyopiga kila juma katika mkahawa wa Bwana Zimmermann. Kwa bendi hiyo aliandika kantata ya kuchekesha juu ya baba anayemkataza binti yake kunywa kahawa na kushindwa. Wazee wa Kilimanjaro, ambao ada za watoto wao zilitoka kwenye mibuni, wangemwelewa binti huyo. Bach hakuona ukuta mkubwa kati ya muziki wa mkahawa na wa kanisa. Nyimbo alizoandika kusherehekea familia ya mtawala wa Saxony mwaka 1733 alizipa maneno mapya, zikawa sehemu ya utungo wake wa Krismasi wa mwaka 1734, na tarumbeta zilizomsifu malkia zikamsifu Mtoto wa horini.

Miaka yake ya mwisho alijitenga na fujo za shule kadiri alivyoweza. Mwaka 1747 alimtembelea Mfalme Frederick wa Prussia huko Potsdam, ambako mwanawe Emanuel alikuwa mpiga kinanda. Alikusanya pia kazi za maisha yake katika Misa moja kubwa ya Kilatini, aliyoikamilisha karibu mwaka 1749. Hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kuisikia yote ikiimbwa. Macho yalikuwa yakififia. Mwezi Juni 1749, Bach akiwa bado hai na bado kazini, baraza lilimfanyia majaribio mtu wa kumrithi. Mwaka 1750 daktari Mwingereza, John Taylor, alimpasua macho mara mbili. Akawa kipofu na kudhoofika. Alifariki jioni ya tarehe 28 Julai 1750, akiwa na miaka 65, akazikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana bila jiwe la kumbukumbu.

Anna Magdalena alibaki na watoto wadogo. Baraza lilimpa malipo ya nusu mwaka aliyostahili mjane, lakini kwanza lilikata kiasi kidogo, kwa hesabu kwamba mwaka 1723 mumewe alilipwa siku ambazo alikuwa hajaanza kazi. Miaka 27 ilikuwa imepita. Mwaka 1752 alipewa thaler 40 kwa sababu ya umaskini wake na kwa ajili ya karatasi za muziki alizozitoa. Wana wakubwa walikuwa na kazi na majina mbali na Leipzig. Alifariki tarehe 27 Februari 1760, akiishi kwa sadaka za maskini. Binti wa mwisho, Regina Susanna, aliishi hadi mwaka 1809; mwaka 1800 gazeti la muziki la Leipzig lilichangisha fedha za kumsaidia, na Beethoven alikuwa mmoja wa waliojitolea.

Muziki wa Bach haukusahauliwa kabisa na wataalamu, ila kwa watu wengi ulinyamaza. Tarehe 11 Machi 1829 kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliongoza Mateso kwa Mathayo mjini Berlin, na tangu siku hiyo haujanyamaza tena. Afrika nayo ina sehemu yake. Albert Schweitzer, mchungaji na mpiga kinanda kutoka Alsace aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Bach, alipiga tungo zake katika miji ya Ulaya ili kupata fedha za hospitali aliyoianzisha Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Jioni, baada ya kuhudumia wagonjwa, alifanya mazoezi kwa kinanda chenye kanyagio za miguu alichopewa na chama cha Bach cha Paris.

Mwaka 1934 iligunduliwa huko Marekani, katika nyumba ya familia yenye asili ya Ujerumani, Biblia ya Bach yenye maelezo ya Luther na Calov, ikiwa na sahihi yake na mwaka 1733. Sasa inatunzwa katika seminari ya Kilutheri ya Concordia, St. Louis. Pembezoni mwake aliandika kwa mkono wake. Penye 2 Mambo ya Nyakati sura ya 5, ambapo waimbaji na wapiga panda wanakuwa kama mtu mmoja na nyumba ya Bwana inajaa wingu, aliandika kwamba palipo na muziki wa ibada, Mungu yupo daima na neema yake.

Mifupa inayoaminika kuwa yake ilifukuliwa mwaka 1894, na mwaka 1950 ikahamishiwa katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, mbele ya madhabahu, mahali kwaya iliposikika kwa miaka 27 ya utumishi wake. Kaburi la Anna Magdalena halijulikani lilipo.